Presha aliyoishi nayo baba bila mtu yeyote kuijua

Swali: "Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Tanga. Baba yetu ana miaka 57, ni fundi seremala, na tangu nipate akili sijawahi kumwona amelala kwa kuumwa. Mwezi uliopita alianguka karakanani, mkono na mguu wa kulia vikapooza, na mpaka leo hawezi kutamka maneno yakaeleweka. Hospitali walisema ni kiharusi kilichotokana na presha ya siku nyingi, na kwamba hata ukuta wa moyo umeshanenepa. Baba zangu wadogo hawakubali, wanasema presha ilimpanda siku ile tu kwa sababu alikuwa amegombana na mteja aliyemdhulumu. Je, inawezekana mtu akae na presha miaka na miaka, yeye asijue na sisi tusijue? Mama anasema yake anaijua, kwamba ikipanda kichwa kinamgonga kisogoni. Mimi nina miaka 34. Duka la dawa walinipima wakaniambia 148/92, wiki iliyofuata zahanati wakaniambia 132/84. Nishike ipi? Mdogo wangu wa kike alipata kifafa cha mimba mwaka juzi, na wa kiume, ambaye ni dereva wa bodaboda, hataki hata kusikia habari ya kupima."

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa yaliyomkuta mzee. Jibu la swali lako kubwa ni ndiyo, inawezekana, na wala si jambo la ajabu: wengi wenye shinikizo la juu la damu katika nchi zetu wako katika hali ile ile aliyokuwa nayo baba yako asubuhi ya siku aliyoanguka, yaani wana ugonjwa na wanafanya kazi zao kama kawaida. Nitaanza na hoja ya baba zako wadogo, kwa sababu si hoja ya kijinga na inastahili kujibiwa kwa heshima.

Ni kweli kwamba ugomvi hupandisha presha. Mtu akikasirika, akishtuka, akipanda ngazi au akisubiri matokeo ya mtihani wa mtoto, moyo wake husukuma damu kwa nguvu zaidi na mishipa hujibana, kisha baada ya muda mambo hurudi palepale. Ni kweli pia kwamba mgonjwa wa kiharusi anapofika hospitali presha yake mara nyingi huwa juu sana, na sehemu ya kimo hicho ni mwili wenyewe unavyojibu janga lililotokea kichwani. Kwa hiyo daktari makini hasemi "presha ya siku nyingi" kwa kuangalia namba ya saa ile peke yake. Anatafuta alama ambazo ni muda tu unaoweza kuziweka, na mojawapo ndiyo hiyo mliyoambiwa.

Mtazame baba yako mwenyewe. Fundi aliyepiga randa kwa miaka 30 huwa na mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto, na hakuna seremala aliyeupata mkono ule kwa kazi ya siku moja. Moyo nao ni msuli. Chumba chake cha chini cha kushoto ndicho kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, na ikiwa kila pigo linakutana na mishipa iliyokaza, ukuta wa chumba hicho hunenepa kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, ukaonekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo au kwenye ultrasaundi ya moyo. Huo si unene wa kujivunia kama wa mkono wa fundi, kwa sababu moyo wenye ukuta mgumu haujai damu vizuri, na mwisho wake huchoka. Mteja yule huenda alichangia saa ya kuanguka, siwezi kulikataa hilo. Lakini ukuta ule ulikuwa umeshajengwa muda mrefu kabla hajaagiza kabati lake.

Alama nyingine hutafutwa kwenye figo, ambazo huanza kuvujisha protini katika mkojo, na nyuma ya jicho, mahali pekee ambapo daktari anaweza kuitazama mishipa midogo ya damu kwa macho bila kupasua kitu. Mishipa ya namna hiyohiyo imo ndani ya ubongo, myembamba kama uzi. Ikipigwa na msukumo mkubwa kwa miaka, ama huwa migumu na kuziba, ama hudhoofika na kupasuka. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndimo yalimo maneno. Ndiyo maana baba yako amepoteza vyote viwili kwa mpigo mmoja.

Sasa, kwa nini hakusikia kitu? Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa kuamini, kwani tumezoea kwamba ugonjwa hubisha hodi: malaria huja na homa, kidonda huuma, tumbo hukata. Katika mishipa mikubwa ya shingo na ile inayotoka moyoni kuna vihisio vinavyopima mkazo wa damu kila pigo na kuupelekea ubongo taarifa. Presha ikipanda ghafla, vihisio hivyo huamuru moyo upunguze kasi na mishipa ilegee. Lakini ikipanda polepole na ikabaki juu, vihisio vyenyewe huzoea, vikaanza kuihesabu ile presha ya juu kuwa ndiyo ya kawaida, na vikaacha kulalamika. Ni kama mtu aliyehamia jirani na mashine ya kusaga: wiki ya kwanza halali, mwezi wa tatu ukimuuliza habari ya kelele atakuuliza kelele gani.

Mazoea hayo yana matokeo mengine ambayo hata baadhi yetu waganga huyasahau. Mtu aliyeishi miaka mingi na presha ya juu, siku akianza dawa na presha ikashuka kwa haraka, anaweza kusikia kizunguzungu na uchovu ingawa namba zake sasa ni nzuri, kwa sababu ubongo wake ulishazoea msukumo mkubwa. Basi husema, "Nilikuwa mzima, dawa ndizo zilizoniumiza," akaziacha. Hakosei kuhusu anachokisikia. Kosa ni letu tusiomweleza mapema kwamba hali hiyo hupita baada ya muda, na kwamba presha ya namna yake inapaswa kushushwa taratibu.

Nina shaka pia na lugha tunayoitumia. Tunasema "presha imenipanda" na "presha imenishuka" kana kwamba presha ni mgeni anayekuja na kuondoka, na wapo wanaokwambia kabisa kwamba wao ni watu wa presha ya kushuka, kwa hiyo ya kupanda haiwahusu. Presha ipo muda wote. Asiyekuwa nayo ni maiti. Kinachotafutwa ni kimo inachokaa siku za kawaida, siku ambazo hujagombana na mtu na huumwi chochote. Maneno yetu yana jina la tukio lakini hayana jina jepesi la hali hiyo ya kukaa, na sisi madaktari tunapolazimika kulisema tunaishia kwenye "shinikizo la juu la damu", neno refu ambalo mgonjwa akifika getini ameshaligeuza kuwa presha, na presha kwake ni hasira au mawazo. Nimewauliza wagonjwa wengi kama wana presha wakanijibu, "Hapana, daktari, mimi sina mawazo."

Hapo ndipo tunapofika kwa mama yako, na umfikishie salamu zangu. Maumivu ya kichwa yapo na yanastahili kutafutiwa sababu, ila hayawezi kuwa kipimo. Presha ikifika juu sana, kama 180/120 na kuendelea, inaweza kweli kuuma kichwa, kutia ukungu machoni au kubana kifua, na hiyo ni dharura. Chini ya hapo wengi hawasikii kitu, na wengi wanaoumwa kichwa presha yao ni ya kawaida. Kinachompa mama uhakika huenda ni desturi yake mwenyewe: anapima siku anayoumwa kichwa tu, na maumivu ya aina yoyote hupandisha presha kidogo, basi kila akipima anakuta iko juu na imani yake inazidi kukomaa. Nadhani hapimi siku kichwa kimetulia. Mwombe apime asubuhi tatu ambazo hana tatizo lolote. Ikiwa bado iko juu, atajua kwamba miaka yote hii alikuwa akizikamata siku chache tu na kuziacha nyingine zote zipite.

Huenda unajiuliza kama ninyi ni familia ya peke yenu. Sivyo kabisa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, theluthi mbili yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba asilimia 46 hivi hawajui kuwa wanalo. Hayo ni makadirio ya dunia nzima, yakiwemo mataifa ambayo mtu hapiti mlangoni kwa daktari bila kufungwa mkanda wa kupimia presha mkononi. Kwetu hali ni mbaya zaidi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha iliyopanda. Kenya walipofanya uchunguzi wao mwaka 2015 walikuta kiwango kinachokaribiana na hicho, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja katika maisha yao. Kati ya Wakenya waliokutwa na tatizo, waliokuwa wakijua hawakufika 16 katika kila 100. Kati ya hao wanaojua, karibu robo tu ndio waliokuwa kwenye dawa. Na kati ya walio kwenye dawa, nusu tu ndio waliokuwa na presha iliyodhibitiwa. Ukizidisha mwenyewe utaona kwamba wanabaki watu wawili hivi katika mia.

Lakini utafiti ninaoupenda kuliko wote ni wa zamani zaidi, wa miaka ya 1990, uliofanyika sehemu mbili za Tanzania zisizofanana: Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Wengi wangetabiri kwamba presha itakutwa mjini, kwenye chipsi na foleni za magari, na kwamba wakulima wa migombani watakuwa salama. Watafiti walikuta karibu watu 30 katika 100 mjini, na kijijini zaidi kidogo ya hapo. Wenye presha waliojua kuwa wanayo hawakufika asilimia 20, waliokuwa wakipata matibabu walikuwa kama asilimia 10, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata mmoja katika mia. Kila nikisikia mtu akisema presha ni ugonjwa wa matajiri au wa wanene, nawakumbuka watu wa Shari. Baba yako, kama namwelewa vizuri kwa maelezo yako, ni mtu wa kazi za nguvu. Hilo lilimlinda kidogo dhidi ya mambo mengine, lakini pia liliwafanya wote waliomzunguka wasimtilie shaka.

Utafiti mwingine, ulioanza mwaka 2003 na kumalizika 2006, ulihesabu kiharusi chenyewe katika maeneo hayo mawili. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata wagonjwa wapya 108 hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315 hivi. Namba hiyo ya Dar es Salaam ni kubwa kuliko inayopatikana katika nchi nyingi tajiri. Kwao wazee ni wengi na bado wanapata kiharusi kidogo kuliko sisi, na sababu moja kubwa ni kwamba presha yao hugunduliwa na kutibiwa kabla haijavunja kitu.

Kwa nini haigunduliwi kwetu? Uhaba wa vifaa upo: kuna zahanati ambazo mashine ni moja na betri zake zimekufa. Ila nadhani sababu kubwa zaidi ni kwamba vituo vyetu vilijengwa kumpokea mtu anayeumwa, pamoja na mama mjamzito na mtoto. Mwanamke wa Tanga anayezaa watoto wanne hupimwa presha katika kila ujauzito, apende asipende, kwa sababu kliniki ya wajawazito haimwachi apite. Mume wake anayemsindikiza mpaka getini hana mlango wake. Akiugua malaria atachukua vipimo vya malaria na kurudi kazini. Nakuhakikishia kwamba ukimuuliza mama, anaweza kukueleza siku ya kwanza alipofungwa mkanda ule mkononi. Na baba, kama angeweza kusema, huenda angekuambia ilikuwa ni mwezi uliopita, akiwa tayari amelala kwenye machela.

Miaka kadhaa iliyopita tuliweka meza ya kupima presha sokoni, siku ya mnada. Alikuja mzee mmoja, amevua shati, amebeba gunia la mkaa begani, akalitua kando ya meza na kuniambia kwa mzaha, "Haya, nipime na mimi, uniambie kama nitaoa tena." Tulimketisha kivulini dakika kumi, tukapima: 214/118. Tukapima mkono wa pili, haukupishana sana. Alicheka, akasema mashine yangu mbovu, na kwa kweli sikumlaumu, kwani mtu aliyetoka kubeba kilo 50 bila kuhema atakuaminije ukimwambia anaumwa? Nilimfunga mkanda muuguzi niliyekuwa naye, ikatoka 118/76. Mzee akaiangalia namba ile, akaiangalia yake kwenye karatasi, akanyamaza. Akaketi tena bila kuambiwa. Nadhani somo hilo alilipata kwa macho yake kuliko kwa maneno yoyote ambayo ningemwambia.

Tuje kwenye namba zako mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikamua, ya chini ni wakati unapolegea, na zote hupimwa kwa milimita za zebaki. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu ikiwa ya juu imefika 140 au ya chini imefika 90, kwa vipimo vya siku mbili tofauti au zaidi; moja ikivuka inatosha, hazihitaji kuvuka zote. Kwa hiyo 148/92 ya siku moja haikufanyi mgonjwa, na 132/84 ya siku nyingine haikuachii huru. Hujaambiwa jibu bado. Unachotakiwa kufanya ni kupima tena, na kupima sawasawa, kwa maana kipimo hiki ni chepesi kuharibika kuliko watu wanavyodhani.

Nakumbuka hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, ambako foleni ya kupima presha ilipangwa mlangoni kabisa: mgonjwa anatoka kwenye jua, anasimama, mkanda unafungwa juu ya mkono wa sweta, mkono unaning'inia, na huku anaulizwa jina la balozi wake wa nyumba kumi. Kila kimoja kati ya hivyo huongeza namba. Kuongea tu wakati wa kupimwa kunaweza kuongeza kama kumi, na kibofu kilichojaa vilevile. Tulianzisha dawa kwa watu ambao huenda hawakuzihitaji, na mimi mwenyewe nilitia saini. Tuliposogeza mabenchi ndani na kumtaka kila mtu akae kimya dakika tano, kitabu cha wagonjwa kilibadilika sura.

Wewe basi, siku utakayopima, usinywe kahawa wala chai ya rangi nusu saa kabla, nenda haja, kisha keti kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu yote miwili sakafuni bila kuikunja nne, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukiwa juu ya ngozi. Mkanda uwe saizi ya mkono wako. Mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo atapewa presha isiyo yake, na hili huwapata akina mama wengi. Pima mara mbili, ukipisha dakika moja, uandike zote pamoja na tarehe na saa. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, na baadaye utumie ule uliotoa namba kubwa. Mkiweza kuchangishana ninyi ndugu mkanunua mashine moja ya nyumbani, chagueni inayofungwa juu ya kiwiko na si ile ya kifundo cha mkono, na mjue kwamba kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135/85, kwani nyumbani hakuna koti jeupe la kumtisha mtu. Pima asubuhi na jioni kwa siku saba, acha siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki, na daftari hilo ndilo umpelekee daktari.

Ikithibitika kuwa unayo, kuna kazi mbili. Ya kwanza ni chumvi. Kiwango kinachoshauriwa hakizidi gramu 5 kwa siku, chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote kwa pamoja, na pwani yetu hicho ni kibarua. Chumvi mnayoiona ni ya mezani. Isiyoonekana imo kwenye ng'onda na papa mkavu, kwenye vidonge vya mchuzi, kwenye mihogo ya kukaanga inayonyunyiziwa pilipili na chumvi kando ya barabara, na kwenye embe mbichi wanazouziwa watoto shuleni. Sikukatazi papa wa nazi, ningekuwa nakuonea. Mloweke usiku kucha, mwaga maji yale, mchemshe na umwage tena, halafu usimtie chumvi nyingine. Kutembea, kupunguza uzito kwa aliye nao na kuacha pombe nyingi vyote husaidia. Juisi ya rozela nayo inaweza kushusha kidogo, basi inywe bila sukari kama unaipenda, lakini isichukue nafasi ya kidonge.

Kazi ya pili ni vidonge vyenyewe, ambavyo watu huviogopa kwa sababu wamesikia kwamba ukianza huachi. Wengi kweli hawaachi, kama vile aliyevaa miwani haivui akashangaa kwamba haoni. Dawa zinazotumika zaidi ni za bei nafuu: amlodipini, ambayo inaweza kuvimbisha miguu, zile za kukojosha kama hidroklorothiazaidi, na kundi la losartani na enalaprili, ambayo hii ya mwisho huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu wakadhani ni mafua yasiyopona. Utafiti uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kwa watu wetu mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake hushusha presha vizuri kuliko usiokuwa nayo. Na faida ni kubwa: kila inaposhushwa milimita kumi ya namba ya juu, hatari ya kiharusi hupungua kwa zaidi ya robo. Dawa ikikusumbua rudi ubadilishiwe, usiiache kimya kimya, wala usikubali mtu akuwekee kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ili "ishuke haraka". Mshuko wa ghafla unaweza wenyewe kuunyima ubongo damu.

Mdogo wako wa kike ndiye ninayemhofia kuliko ninyi wote, ingawa ndiye uliyemtaja kwa maneno machache zaidi. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shinikizo la juu la damu miaka inayofuata, na mara nyingi akisharuhusiwa na mtoto wake hakuna anayemwita tena. Apimwe mwezi huu, na kila mwaka hata kama ni nzuri. Kama ana mpango wa kubeba mimba nyingine, amweleze daktari mapema, kwa sababu losartani na enalaprili hazifai kwa mjamzito na kuna nyingine zinazofaa.

Wa bodaboda usimhubirie. Vijana wa kijiweni hucheka pamoja na huogopa pamoja, basi mashine yenu mkishainunua, siku moja ipeleke kijiweni na uanze kwa kujipima wewe mbele yao. Akikutwa na 180/110 au zaidi hata baada ya kupumzika na kurudia, asisubiri wiki nyingine, aende kituoni siku hiyohiyo.

Na mtu yeyote nyumbani akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamgongana, tazameni saa, mumkimbize hospitali. Msimpe maji wala chakula kwani anaweza kupaliwa, msimpe kidonge cha presha cha mwenzake, na msianze kubishana kama ni upepo au jini. Mzee mwenyewe aanze mazoezi ya viungo na ya kusema sasa hivi, maana miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno. Na vidonge vyake alivyoandikiwa, hata akianza kutembea, viendelee. Utakaponiandikia tena, niambie namba za siku zile saba na alichokuta mama kwenye asubuhi zake tatu.